Mchungaji mbele ya kamati ya Bunge: kazi ya karatasi ambayo mimbari haiwezi kuifanya

Mswada unaogusa ndoa, mimba, pombe, kamari au uhuru wa kuabudu ukifika katika Bunge la Kenya, kwa kawaida mambo huenda hivi. Klipu ya dakika mbili inasambaa kwenye vikundi vya WhatsApp vya wachungaji. Jumapili mimbari zinanguruma. Katikati ya wiki maaskofu kadhaa wanakutana na wanahabari. Kisha siku ya mwisho ya kupokea maoni inapita, na makanisa mengi ya mtaani hayajapeleka hata ukurasa mmoja kwa Karani wa Bunge. Ripoti ya kamati inapotoka, jedwali la maoni limejaa wizara, vyama vya wataalamu, kampuni na mashirika ya kutetea haki, pamoja na mabaraza machache ya kitaifa ya makanisa. Mchungaji aliyehubiri saa nzima dhidi ya mswada ule hayumo.

Namwandikia mchungaji huyo: mwenye msimamo wa kihafidhina, anayeamini kwamba ndoa ni ya mume na mke, kwamba uhai unaanza mimba inapotungwa, na kwamba sheria za nchi zina uzito mbele za Mungu. Sauti yake ina haki ya kusikika. Shida yangu ni mazoea ya kuimaliza yote mahali ambapo kamati haina namna ya kuinukuu.

Kwanza tuondoe hofu ya kisheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakutakuwa na dini ya taifa, na wapo wanaokitumia kumwambia mchungaji anyamaze. Kifungu hicho kinaizuia serikali kuchagua dini. Hakimnyimi raia haki ya kusema kwa sababu tu yeye ni mtumishi wa Mungu. Kifungu cha 32 kinalinda dhamiri na imani, pamoja na kuidhihirisha hadharani. Cha 37 kinaruhusu kukusanyika kwa amani na kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa mamlaka za umma. Cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Kilichokatazwa ni kidogo na kiko wazi: kifungu cha 91 hakiruhusu chama cha siasa kuanzishwa kwa msingi wa dini, na cha 33 hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki, yawe yametolewa jukwaani au madhabahuni.

Pata mswada wenyewe

Klipu si mswada. Picha ya ukurasa mmoja uliopigiwa mstari mwekundu nayo si mswada. Nakala kamili hupatikana kwenye tovuti ya Bunge, na kabla ya kusoma neno lolote angalia mambo manne: nambari na mwaka, jina la aliyeuwasilisha, kama ni wa Bunge la Kitaifa au wa Seneti, na tarehe. Miswada miwili yenye majina yanayokaribiana inaweza kuwa mezani kwa wakati mmoja, mmoja katika kila Bunge. Kanisa likipinga kifungu cha ule mwingine, karani wa kamati atauweka waraka huo kando, na atakuwa hajakosea.

Soma kwa mpangilio huu, hata kama kurasa ni mia moja. Anza na kifungu cha ufafanuzi wa maneno, ambacho mara nyingi ni cha 2. Ndipo utakapojua mswada unaposema "kiongozi wa dini", "mtoto", "afya" au "familia" unamaanisha nani na nini. Kifungu cha 20 kinaweza kuonekana hakina neno, kumbe uzito wake wote uko katika ufafanuzi. Kisha nenda kwenye makosa na adhabu. Halafu tafuta kifungu kinachompa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, kwa sababu mambo mengi yanayowaumiza watu huja baadaye kupitia kanuni hizo. Malizia na majedwali ya mwishoni. Jina la mswada liwe jambo la mwisho kuliamini.

Suala la kanuni lina historia ambayo kila mchungaji nchini angepaswa kuijua. Kilichoyatikisa makanisa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 hakikuwa mswada. Zilikuwa kanuni zilizotayarishwa na ofisi ya Mwanasheria Mkuu chini ya Sheria ya Vyama, zikiyataka makanisa, pamoja na mengine, yawe na viongozi waliosomea theolojia. Makanisa yalipaza sauti, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza mashauriano yaanze upya. Leo kuna njia iliyonyooka zaidi kuliko kelele. Chini ya Sheria ya Vyombo vya Kisheria ya 2013, anayetunga kanuni sharti ashauriane na watakaoathirika, na kanuni zikishachapishwa zifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Kamati inayoshughulikia kanuni inaweza kupendekeza zifutwe. Iandikie kamati hiyo, onyesha kwamba mashauriano hayakufanyika au kwamba kanuni zinavuka mipaka ya sheria mama. Hoja hizo mbili zina nguvu kuliko maandamano.

Waraka wa maoni

Mswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati ya idara husika. Kanuni za Bunge la Kitaifa zinaitaka kamati ikusanye maoni ya umma na kuleta ripoti ndani ya siku 20. Kwa hiyo tangazo la magazetini na kwenye tovuti huacha muda mfupi, mara nyingi wiki moja au mbili. Baraza la wazee linalokutana mara moja kwa mwezi haliwezi kufuata kasi hiyo. Chagueni mapema watu wawili au watatu wenye ruhusa ya kusoma, kuandika na kutia sahihi kwa niaba ya kanisa bila kungoja kikao.

Waraka mzuri una barua ya ukurasa mmoja na jedwali. Barua inasema ninyi ni nani, mmesajiliwa wapi, mna waumini wangapi na katika kaunti zipi, mnaunga mkono nini katika mswada na mnapinga nini. Usiruke sehemu ya kuunga mkono. Kamati humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyesoma mpaka akaona na mazuri. Jedwali lina safu tatu: kifungu, pendekezo, sababu. Makamati yenyewe hupanga ripoti zao hivyo, na ukiwapa jedwali lililo tayari, karani atanakili maneno yako jinsi yalivyo. Ukimpa kurasa tisa za mahubiri, atayafupisha kwa sentensi moja anayoijua yeye.

Tazama tofauti kwa mfano wa kubuni. Tuseme kifungu cha 14 cha mswada fulani kinamtaka kila anayeongoza ibada awe na diploma ya theolojia. Kanisa la kwanza linaandika: "Tunapinga mswada huu wa kishetani unaolenga kufunga makanisa." Karani ananakili: "Walipinga mswada." Kamati inajibu kwa neno moja: imekataa. Kanisa la pili linaandika hivi:

Kifungu: 14(1)(b).

Pendekezo: Futa maneno "diploma ya theolojia", weka "barua ya idhini iliyotolewa na baraza la uongozi la shirika husika la kidini, pamoja na cheti cha mafunzo ya kulinda watoto".

Sababu: Sharti la diploma linawafungia nje viongozi wa makanisa ya vijijini na ya Kiafrika yanayowaandaa watumishi wao kwa malezi ya ndani. Lengo la mswada ni kuwalinda waumini dhidi ya madhara, na diploma haithibitishi kwamba mtu hatawadhuru wengine. Kifungu cha 24 cha Katiba kinataka haki ikiwekewa mipaka, mipaka hiyo iwe ya kadiri na iangaliwe kama kuna njia isiyobana sana ya kulifikia lengo hilohilo. Njia hiyo ipo, nasi tumeiandika hapo juu.

Mbunge anaweza kulichukua pendekezo hilo jinsi lilivyo na kulileta kama marekebisho. Limemtaja anayeumia, limekubali lengo halali la serikali, limetumia kipimo cha Katiba na limetoa maneno mbadala. Kifungu cha 24 ndicho silaha ambayo wachungaji wengi hawaigusi, wakati kila mahakama nchini itaanzia hapo.

Je, Maandiko yatajwe? Nashauri yakae katika barua, kwa mistari miwili, pale mnapoeleza msimamo wenu unatoka wapi. Msiufiche. Kwenye safu ya sababu wekeni hoja ambayo mbunge Mwislamu, Mhindu au asiye na dini anaweza kuipima na kuikubali. Hapo hamjaikana imani. Paulo alipotetea haki yake mbele ya akida alitaja uraia wake wa Kirumi, na kwa Festo akakata rufani kwa Kaisari.

Makosa yanayojirudia ni yale yale. La kwanza ni barua elfu tatu zilizonakiliwa neno kwa neno, kila muumini akijaza jina lake. Kamati itazihesabu, kisha itazijibu kama hoja moja. Barua kumi zenye sababu kumi tofauti, kutoka kwa muuguzi, mwalimu mkuu, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu, wakili, zina nguvu zaidi. La pili ni takwimu za kuokota mtandaoni. Kosa moja la namba likigunduliwa na mbunge anayepinga msimamo wenu, saa nzima ya kikao itakwenda kwa namba hiyo. La tatu ni kupeleka bila ushahidi wa kupeleka. Ukipeleka kwa mkono, rudi na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe. Ukipeleka kwa baruapepe, omba uthibitisho wa kupokelewa na uuhifadhi. Siku mtakapokwenda mahakamani kudai hamkusikilizwa, muhuri huo ndio utakaothibitisha kwamba mlisema.

Mkiitwa kutoa maoni ana kwa ana, nendeni watatu: mchungaji, wakili, na mtu anayeguswa na jambo lenyewe kwa kazi yake. Dakika kumi zinatosha, na mara nyingi hamtapewa zaidi. Msisome waraka, wanao tayari. Chagueni vifungu vitatu. Kisha mjiandae kwa swali ambalo litaulizwa katika kikao chochote kuhusu makanisa: Shakahola. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400, ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, imefukuliwa katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi. Mchungaji anayejibu kwamba "yule hakuwa mmoja wetu" amewapoteza wasikilizaji. Jibu linalosikika ni lenye hatua: kanisa letu lina sera ya kulinda watoto, hesabu zetu hukaguliwa, mtumishi akishukiwa kosa la jinai tunaripoti kituo cha polisi kipi na ndani ya muda gani. Kama hayo hamnayo, yaandaeni kabla ya kuomba nafasi ya kuzungumza. Jopo lililoundwa Mei 2023 chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kupitia upya sheria za mashirika ya kidini lilikabidhi ripoti yake Julai 2024, na mjadala huo utaendelea kurudi Bungeni kwa sura mbalimbali. Wanaotaka kujisimamia wenyewe watadaiwa waonyeshe kwamba wanajisimamia.

Ardhilhali

Waraka wa maoni hujibu mswada uliopo. Ardhilhali huanzisha jambo. Sheria ya 2012 kuhusu utaratibu wa kuliomba Bunge ni fupi na haina mafumbo, lakini ombi lenye hoja nzuri hukwama kwa sababu ya umbo lake. Iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa wala maneno ya kuchomeka kati ya mistari. Kama ina kurasa zaidi ya moja, mada iandikwe juu ya kila ukurasa. Ieleze ni hatua zipi zimeshachukuliwa kwa ofisi husika na jibu gani lilipatikana. Iseme kama jambo hilo liko mahakamani. Imalizike kwa ombi mahususi na la heshima. Kila mwombaji aandike jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na atie sahihi au dole gumba moja kwa moja kwenye karatasi ya ardhilhali.

Hapo kwenye karatasi ndipo makanisa huanguka. Wanakusanya sahihi ibadani kwenye daftari tupu la waliohudhuria, kisha wanalibandika nyuma ya ombi lililoandikwa baadaye. Sahihi za kubandikwa hazikubaliki, na kimaadili pia si sawa: muumini ametia sahihi jambo ambalo hajalisoma. Chapisha kurasa za sahihi zenye kichwa cha mada na ombi lenyewe, zisomwe kwa sauti, atakayekubali atie sahihi. Karani ana siku 7 za kuipitia ardhilhali tangu aipokee. Iwapo ina kasoro, mtaelekezwa kuirekebisha, na mtakuwa mmeshapoteza muda.

Sehemu ya hatua zilizochukuliwa nayo hudharauliwa. Kama hamjaiandikia wizara kwanza, andikeni, ipeni wizara wiki tatu au nne, ndipo mje Bungeni na nakala ya barua iliyokosa jibu.

Kaunti

Hapa ndipo ningetaka wachungaji waweke nguvu zao nyingi, na ndipo ninapowaona wachache. Jedwali la Nne la Katiba liliziachia kaunti leseni za pombe, na kaunti zina mkono pia katika kamari. Mchungaji wa kihafidhina anayesikitikia familia zinazoporomoka kwa sababu ya pombe kali na mashine za kamari ana bunge la kaunti, ana mwakilishi wadi anayemjua kwa jina, na ana kamati ya leseni inayokaa katika kaunti ndogo yake. Hahitaji nauli ya Nairobi.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo watu wengi bado huiita sheria ya Mututho, inataka baa iwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule ya watoto walio chini ya miaka 18. Kaunti zimetunga sheria zao juu ya leseni, kwa hiyo soma ya kwenu kwanza, lakini kazi ya kupinga leseni hufuata njia inayofanana. Maombi ya leseni hutangazwa. Pingamizi huwa la maandishi na lenye sababu. Sheria ya 2010 inataka mwombaji naye apewe taarifa ya pingamizi angalau siku 7 kabla ya kikao, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alipewa uko kwa mpingaji. Mapingamizi mengi ya haki hufia hapo: wazee wa kanisa wameiandikia kamati, hawakumwandikia mwenye baa.

Ushahidi wa pingamizi uwe wa kupimika. Nenda na mwalimu mkuu na mzee wa mtaa. Pimeni kutoka uzio wa shule hadi mlango wa baa kwa tepu ndefu ya fundi, au mrekodi viwianishi vya pande zote mbili kwa simu. Andikeni tarehe, saa, nambari ya ploti, na jina lililo kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, kama ipo. Pigeni picha inayoonyesha lango la shule na baa kwa pamoja. Ambatanisheni barua ya bodi ya shule. "Baa zimezidi mtaani kwetu" ni malalamiko ambayo kamati itayakubali kwa kichwa na kuyasahau. "Ploti hii, mita 140 kutoka uzio wa shule ya msingi, leseni inaombwa upya" ni jambo ambalo kamati italazimika kulitolea uamuzi ulioandikwa.

Na bajeti. Kaunti lazima ipeleke mkakati wake wa fedha katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kama mnataka kituo cha ushauri kwa walevi wanaotaka kuacha, au nyumba ya kumpokea msichana mjamzito aliyefukuzwa kwao, msingojee Juni. Leteni pendekezo Februari, likiwa na gharama. Mchungaji anayepinga utoaji mimba kwa nguvu zote na hajawahi kuomba hata shilingi moja ya bajeti kwa ajili ya msichana huyo ameacha nusu ya hoja yake nyumbani, na wabunge wanaona.

Yaliyotokea 2010

Kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 bado inatajwa na wachungaji kama jeraha. Makanisa mengi yalipinga Katiba iliyopendekezwa kwa sababu kubwa mbili: mahakama za Kadhi katika kifungu cha 170 na utoaji mimba katika kifungu cha 26(4). Yalishindwa; takribani thuluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo.

Ninavyoona, ushindi na kushindwa vyote vilitokea kabla ya kura. Kifungu cha 26(2) kinasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Maneno hayo makanisa yaliyapigania wakati rasimu ilipokuwa bado mikononi mwa wanaoiandika, na yamo katika Katiba hadi leo. Lakini rasimu ikishafungwa, mpiga kura ana majibu mawili tu kwa waraka mzima wenye vifungu zaidi ya 260: ndiyo au hapana. Huwezi tena kusema nataka ugatuzi, naipenda sura ya haki, ila nibadilishieni mstari huu. Wakristo wengi waliokubaliana na wachungaji wao juu ya 26(4) walipiga kura ya ndiyo kwa sababu ya mengine yote. Hawakuasi imani. Walipewa mizani ambayo upande mmoja ulikuwa na vifungu viwili.

Ndiyo maana nasisitiza hatua ya kamati. Pale ndipo mstari mmoja unaweza kuondolewa bila kuangusha jengo.

Kuna mwaka mwingine wa kukumbuka. Mnamo 1986 KANU, chama tawala cha wakati huo, ilipoleta upigaji kura wa mlolongo, yaani wapiga kura kupanga foleni nyuma ya mgombea wao, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK) lilipinga kwa sababu inayoeleweka na kila mtu: mchungaji akisimama hadharani nyuma ya mgombea mmoja, waumini wa mgombea mwingine wamempoteza mchungaji. Serikali haikuacha mlolongo, ila ilikubali kuwaondoa viongozi wa dini katika kupanga foleni. Askofu David Gitari aliendelea kuhubiri dhidi ya wizi wa kura uliofuata, na Aprili 1989 nyumba yake ikavamiwa usiku. Sababu ile ya 1986 haijachakaa. Baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007, NCCK ilikiri hadharani mwanzoni mwa 2008 kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na ikaomba radhi.

Mgombea na bahasha yake

Kwa hiyo tenganisha sheria na wagombea. Kutetea au kupinga mswada kwa jina na kifungu ni kazi halali ya kichungaji. Kumtangaza mgombea madhabahuni ni jambo jingine, na kuna mahali linageuka kosa la jinai. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inahesabu kumtisha mpiga kura kwa madhara ya kiroho kuwa ushawishi usiofaa. Mchungaji anayesema "ukimpigia fulani laana itakufuata" hajatoa unabii tu; amejiweka karibu na kizimba.

Pesa ni hatari zaidi, kwa sababu inaingia taratibu na kwa sura ya baraka. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi kinamzuia anayekusudia kugombea kushiriki harambee ndani ya miezi 8 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo mwisho wa kumwalika mwaniaji kwenye harambee ya paa la kanisa ni mapema Desemba 2026. Mimi ningeweka mpaka mapema zaidi, na ningeuweka kwa maandishi. Septemba 2021 Kanisa la Kianglikana chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit liliwafungia wanasiasa mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha mchango wa mamilioni uliotolewa na Rais William Ruto katika parokia ya Soweto. Maamuzi hayo yaliwezekana kwa sababu yalitoka juu. Kanisa linalojitegemea halina askofu mkuu wa kulibebea aibu ya kukataa, hivyo linahitaji azimio la wazee: mwanasiasa akija ibadani anaketi na waumini, anatambuliwa kwa jina, hapewi kipaza sauti, na sadaka yake inaingia kwenye chombo kama ya wengine, haitangazwi. Azimio lisomwe kwa timu ya itifaki na washika vipaza sauti. Wao ndio husukumwa dakika ile mlinzi wa mheshimiwa anaposema mkubwa ana neno moja tu la salamu.

Mahakamani

Kwa ufupi, kwa sababu hapa wakili ni lazima. Kanisa lenye msimamo likitaka kuingia katika kesi ya watu wengine, liombe kuwa mhusika mwenye maslahi. Lisiombe kuwa rafiki wa mahakama, yaani anayeisaidia mahakama kwa hoja za kisheria bila kuwa na upande. Tangu uamuzi wake wa 2015 katika suala la Mumo Matemu, Mahakama ya Juu imesisitiza kwamba rafiki wa mahakama asiwe na upande, na taarifa moja ya kanisa kwa wanahabari inatosha kumwondoa. Katika kesi ya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vinavyoharamisha ngono ya jinsia moja, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu Mei 24, 2019, Jukwaa la Wataalamu Wakristo Kenya liliingia kama mhusika mwenye maslahi, na hoja zake zikapimwa katika hukumu.

Baada ya ripoti

Watu wengi huacha kazi siku ya kuwasilisha maoni. Ripoti ya kamati ikiwekwa mezani, ipakue, tafuta jina la kanisa lenu katika jedwali, soma kilichoandikwa kando yake. Kama pendekezo limekubaliwa, hakikisha limo katika orodha ya marekebisho, maana kukubaliwa katika maelezo na kuingia katika orodha ni mambo mawili. Kama limekataliwa, mna nafasi ya Kamati ya Bunge Zima, ambapo mbunge yeyote anaweza kulileta kwa jina lake, mradi atoe taarifa kwa wakati. Mtafute mbunge mmoja mwenye nia, umpe maneno kamili ya marekebisho na sababu ya nusu ukurasa. Wabunge wana miswada mingi, na anayeletewa kazi iliyokamilika huifanya.

Mswada ukiigusa kaunti unakwenda Seneti, na mzunguko wa maoni unaanza tena kwa kamati nyingine na tarehe nyingine ya mwisho. Ukishapita, kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14 atie sahihi au aurudishe Bungeni akieleza kasoro alizoziona. Barua kwa Rais katika siku hizo isizidi kurasa mbili. Itaje kifungu kimoja au viwili, iambatanishe ukurasa wa ripoti unaoonyesha hoja yenu ilivyojibiwa, na ifike katika siku tano za kwanza, mafaili yakiwa bado kwa washauri wake wa sheria.